Siku Tulipoiunganisha Sauti ya Bi Kabula

Mwanangu Nyamizi,

Umekwenda mtaa wa Ng'ambo kuwaaga shangazi zako, na najua hutarudi kabla jua halijazama, maana shangazi zako hawamwachi mtu aondoke mpaka ashindwe kunyanyuka kitini kwa kushiba. Baba yako yuko stesheni. Amekwenda tena kuuliza kama treni ya kesho ya Kigoma ipo, kana kwamba jibu la asubuhi limechacha. Mimi nimejifungia humu studio, nimekalia kiti chako kile kinacholia ukikiegemea, na nimeshika kalamu. Ningeweza kukutumia ujumbe wa simu, lakini wa simu utausoma huku unatafuna karanga, kisha utaingia wa mtu mwingine juu yake. Karatasi utaikunja, utaiweka mahali.

Sitaandika habari za chandarua, wala za kufunga begi, wala nani usimpe mzigo wako akushikie. Hayo baba yako amekwisha kuyapanga na atakuimbia njia nzima kutoka hapa Isevya mpaka stesheni. Mimi nina furaha, mwanangu, furaha inayonikosesha utulivu. Leo nimefagia ua uliokwisha kufagiwa, nimeunguza uji, na fundi cherehani wa hapo jirani ameniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Nikamwambia ndiyo.

Ninachotaka kukueleza ni ile habari ya diski ya Bi Kabula. Utasema, "Mama, si nilikuwepo?" Ulikuwepo. Lakini ulikuwa umeinama mezani, hukuona uso wangu, wala hukujua yaliyokuwa yakipita kichwani mwangu. Na kwa kuwa habari hiyo ndiyo inayokupandisha treni kesho, nataka uende nayo kama nilivyoiona mimi.

Nianzie mwanzo. Bi Kabula alikuja kutoka Igunga na kikundi chake cha akina mama. Basi likawashusha stendi na ngoma zao, wakaja wakajaa humu ndani hata mlango ukagoma kufungika. Kulikuwa na Wakristo, kulikuwa na Waislamu, na kulikuwa na wale ambao, kwa utani wake mwenyewe, dini yao ni ng'ombe. Walitaka kurekodi nyimbo za mashamba ya mpunga walizorithi kwa mama zao. Wenzake waliitikia, yeye ndiye aliyeongoza. Ukafunga dirisha. Tukasubiri bodaboda zipite, tukasubiri adhana iishe, tukasubiri jogoo wa jirani atosheke, kisha yule mama akafungua kinywa.

Mimi nimerekodi kwaya, harusi na matangazo ya dawa za mifugo tangu wewe unatambaa. Sijapata kusikia sauti ikipanda bila kusukumwa namna ile. Wewe ulikuwa kwenye mashine, ukasahau kazi uliyowekewa, ukabaki umeduwaa na mkono hewani. Nilikuona, na sikukugombeza, maana na mimi nilikuwa vilevile.

Baada ya hapo nikakaa na zile nyimbo. Hii naisafisha, ile naipunguza ngoma, nyingine naisikiliza tu kwa raha zangu. Nilitaka ziwe kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Katikati ya hapo Bi Kabula akaugua koo. Akapasuliwa, akapona, tukamshukuru Mungu, lakini sauti haikurudi. Ikabaki ya kunong'ona, kama mtu anayekwambia siri. Siku mwenzake mmoja aliponipigia simu kunieleza, niliigeukia ile kompyuta yetu kuukuu, nikatambua kwamba sauti ya yule mama sasa iko mahali pamoja tu duniani: humo, ndani ya diski moja, kisanduku cha bati kisichozidi kitabu cha sala.

Na unajua nilifanya nini baada ya kutambua hivyo? Nilisema kesho nitatoa nakala. Kesho yake kulikuwa na harusi. Keshokutwa umeme haukuwepo. Baadaye nikaacha hata kusema kesho. Nyamizi, mimi si mvivu, unanijua. Ila kuna namna ya kukipenda kitu mpaka ukadhani mapenzi yenyewe yanakilinda. Hayalindi. Mapenzi hayana nakala.

Kisha ile kompyuta ikaanza kujizima ovyo, na siku ya uzinduzi ikakaribia. Akina mama walikwisha kuomba ukumbi wa shule kule Igunga, Jumapili, na watu walikwisha kualikwa mpaka vijiji vya Nzega. Nikaamua kuitoa diski na kuihamishia kwenye kompyuta nyingine. Ukaniambia, "Mama, ningoje nije nikumulikie." Ulikuwa unaanua nguo. Nikajibu nini? Nikajibu kwamba kazi hii nilianza kuifanya kabla hujazaliwa.

Waya wa diski una kibati kidogo kichwani. Unakibonyeza, ndipo unavuta. Sikukibonyeza. Ulipokuwa mgumu nikauvuta kwa ubavu, kama mtu anayeng'oa muhogo, na nikasikia *tak*.

Mlio mdogo tu, mwanangu. Kijiti cha kiberiti kinavunjika kwa kelele kubwa kuliko ile. Lakini miguu yangu ilijua kabla ya macho. Ule ulimi mwembamba wa plastiki, ambao kazi yake ni kuzishikilia pini za diski zikae sawa waya unapoingia, ulikuwa umekatika kwenye shina na kubaki ndani ya kichwa cha waya. Kwenye diski zilibaki pini tupu, nyembamba kama nywele za mtoto, zinaning'inia hewani, na mbili zimepinda. Ukaingia na nguo begani. Ukaona. Hukusema "si nilikuambia." Nilikungoja useme, hukusema. Hilo nimeliweka moyoni kuliko unavyofikiri.

Tuliipeleka sokoni kwa yule fundi wa simu na kompyuta tunayemwamini. Akaigeuza, akaiweka chini ya taa yake, akauliza kuna nini ndani. Nikamwambia. Akaisukuma taratibu kuturudishia, akasema, "Mama, ingekuwa sinema ningejaribu. Lakini sauti ya mtu ambaye hana nyingine? Nikikosea itanifuata. Ipelekeni Dar, kuna watu wa kazi hizi." Alisema kweli, na alisema kwa upole. Lakini Dar na kurudi kungetupita ile Jumapili, na hata huko hakukuwa na wa kutuhakikishia.

Tukiwa njiani kurudi simu ikalia. Alikuwa Bi Kabula. Nikasimama kando ya barabara, nikaziba sikio jingine ili niupate ule mnong'ono wake.

"Mdogo wangu, nyimbo zangu hazijambo?"

"Hazijambo, dada. Zimelala salama."

Nilipokata simu ulikuwa unanitazama. "Mama, kwa nini usimwambie?"

"Nimwambie nini? Kwamba amekatwa sauti mara ya pili, na safari hii mkataji ni mimi?"

Nikatangulia mbele yako mpaka nyumbani.

Jioni hiyo, kabla hatujala, ndipo ukaniambia yale maneno. Ulikuwa na diski mkononi, umeishika kwa ubavu kama mtu aliyeshika yai. Ulisema, "Mama, kilichovunjika ni mlango. Nyumba yenyewe nzima, na vyombo vyote viko ndani. Ule ulimi umebaki kwenye waya, haukupotea. Nikiuacha hukohuko, nikazinyoosha pini, nikaziingiza kati ya ule ulimi na vyuma vya waya kila moja mahali pake, nikagandisha kwa gundi, itasoma. Hata ikisoma mara moja tu inatosha. Tunahamisha kila kitu, basi."

Yalikuwa maneno ya mtu mzima. Kwenye chuo cha ufundi ulikwisha kufanya kazi za nyaya ndogo kuliko hizo. Nami nikakujibu kama ninayemjibu mtoto aliyeomba kisu. "Usiiguse! Mkono wako ukitetemeka kidogo tu, imekwisha."

Ukasema, bila hasira, "Mkono wangu hautetemeki, Mama. Unaotetemeka ni wako."

Nikautazama. Ulikuwa unatetemeka.

Sasa hapa ndipo sijawahi kukuambia nilichohisi. Uliondoka, nikadhani umenuna. Ukarudi na diski yako mwenyewe, ile uliyowekea sinema na miziki yako ya miaka yote, ukaichomeka kwenye kompyuta ya pili, ukanionyesha kwamba ni nzima. Ukazima kompyuta. Kisha ukashika kichwa cha waya, ukakivuta kwa ubavu makusudi, mbele ya macho yangu. *Tak.* Nilipiga kelele hata fundi cherehani akachungulia dirishani kuuliza kama kuna nyoka.

"Kuna nini, Mama Nyamizi?"

"Mtoto amepata wazimu!"

"Sijapata wazimu," ulisema. "Najifunza kwenye ya kwangu kwanza."

Ukaketi. Ukaomba sindano yangu ya kushonea, ukaomba pamba na spiriti. Mara ya kwanza ukaunganisha, ukawasha, kompyuta ikakaa kimya kama haijui kitu. Nikafunga macho. Wewe ukachomoa, ukapiga picha kwa simu, ukaikuza, ukaona pini moja imepanda juu ya mwenzake. Ukairudisha kwa ncha ya sindano. Mara ya pili ikasoma. Sinema zako zote zile za ngumi zikajipanga kwenye kioo, na wewe ukacheka kwa sauti, ukazunguka na kiti hiki nilichokalia sasa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshikwa na kitu kingine kabisa. Nilikuwa nimemwona mtu ninayemfahamu tangu tumboni, na nikagundua kwamba sikuwa namfahamu. Kuna furaha inayotisha, mwanangu. Ile ilikuwa mojawapo.

Nikakuambia, "Kesho asubuhi, mwanga ukiwa mzuri, uifanye ya Bi Kabula."

Hatukujua kwamba asubuhi hiyo Bi Kabula naye yuko njiani. Alipanda basi la kwanza kutoka Igunga, na tulikuwa ndiyo tumetandika kitambaa cheupe mezani na kuiweka diski juu yake aliposimama mlangoni, kilemba kichwani, kifurushi cha mchele mkononi. Ukamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia kwa midomo tu, "Marahaba." Mimi nikamsogezea kiti.

Akaitazama meza. Akaitazama sindano, spiriti, kichwa cha waya kilichokatika. Akanong'ona, "Jana uliponiambia zimelala, nikajua kuna jambo. Nyimbo zangu mimi hazilali."

Nikamweleza. Sikupamba. Nilimwambia nilikawia kutoa nakala, nikavuta waya kwa nguvu, nikavunja, na nilipoulizwa nikadanganya. Kila sentensi niliyoitoa niliona kifua changu kinapata nafasi kidogo, kama chumba kinachotolewa magunia. Nilikuwa nimeuogopa ukweli ule usiku kucha, kumbe wenye uzito ulikuwa ule uongo.

Bi Kabula hakunifariji. Wala hakunilaumu. Aliketi, akaweka mchele miguuni, akauliza, "Nani anatengeneza?"

"Binti yangu huyu."

Akakutazama. "Wewe si ndiye uliyeduwaa siku ile naimba?"

Ukainamisha kichwa. "Ndiyo, bibi. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Basi unajua unachokitafuta humo. Nipe na mimi kazi."

Ukampa simu yangu amulike. Nami nikauliza, "Na mimi je?" Ukafikiri, ukasema kwa adabu zote, "Mama, wewe kaa pale. Usiongee."

Nikakaa pale. Nyamizi, katika maisha yangu nimefanya kazi ngumu. Nimebeba spika kubwa kichwani kutoka barabarani mpaka uwanja wa harusi. Nimelala sakafuni nikilinda mitambo. Hakuna iliyonishinda kama kukaa kwenye kigoda na kunyamaza wakati mwanangu anafanya kitu ambacho nikikiingilia nitakiharibu. Nilikalia mikono yangu. Kweli, niliikalia. Na nikawaona: bibi asiye na sauti anamulika, na wewe umeinama, ulimi umeutoa pembeni kama ulipokuwa unajifunza kuandika jina lako. Ukainyoosha pini ya kwanza iliyopinda. Ukainyoosha ya pili, hiyo ikasita, ukaiacha ipumzike, ukaanza upya. Ukasogeza kichwa cha waya taratibu, kama anayemlaza mtoto aliyesinzia begani. Pini zikaingia kati ya ulimi na vyuma, moja hapa, nyingine hapa. Ukapiga picha kwa simu yako, ukaikuza, ukahesabu, ukahesabu tena. Kisha ukachukua gundi kwenye ncha ya kijiti cha meno, ukaigusisha kwenye pembe tu, isipenye ndani. Hata jogoo wa jirani hakuwika, sijui alipata wapi adabu siku ile.

Tukaiacha ikauke. Bi Kabula hakuzima tochi mpaka ulipomwambia, "Tayari, bibi, pumzika mkono."

Ukawasha. Diski ikaanza kuzunguka, ule mvumo wake mwembamba tunaoujua. Kioo kikafikiri. Kikafikiri. Halafu likatokea jina nililoipa mimi mwenyewe siku ya kwanza: IGUNGA AKINA MAMA.

Nilitaka kuruka, ukaninyooshea kidole. "Bado. Tuhamishe kwanza." Ukaanza kuhamisha nyimbo moja moja, ukianza na zile alizoongoza peke yake. Mstari wa kijani ukawa unatambaa. Na wewe unaijua Tabora yetu: mawingu yalikwisha kujikusanya upande wa Urambo, upepo ukapiga bati, na katikati ya wimbo wa sita au wa saba, pwaa, umeme ukakatika. Kila kitu kikazima. Kile kisanduku chetu cha betri cha kuokoa kompyuta kilipiga king'ora kidogo cha aibu, nacho kikafa.

Mimi nilisimama. Nilikuwa na maneno mdomoni, siyajui ni yapi, lakini hayakuwa mazuri. Wewe ukasema, "Hakuna anayeigusa meza." Ukatutazama mmoja mmoja. "Haijatikiswa. Gundi imeshika. Umeme ukirudi tutaendelea."

Tukakaa gizani kidogo mvua ikinyesha, na Bi Kabula akatusimulia kwa mnong'ono jinsi alivyokuwa akienda shambani na mama yake, na jinsi walivyoanza wimbo mmoja mwanzo wa jaruba la mpunga na kuumaliza mwisho wake, na mgongo usijue umefanya kazi. Mvua ilikuwa kubwa, ikabidi tumkaribie mpaka magoti yetu yakagusana. Sijui tulikaa kiasi gani. Taa ilipowaka wote watatu tuligeuka kwa pamoja. Ukawasha. Ikasoma. Ukahamisha zilizobaki, zote, kisha ukatoa nakala nyingine kwenye diski ya sinema zako, ukafuta ngumi zote kupata nafasi.

Ndipo ukamvisha Bi Kabula zile spika za masikioni.

Nilijiandaa kwa machozi. Nilikuwa nimeshika hata kanga ya kumfutia. Yule mama alifumba macho, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa mdundo, kisha ghafla akafumbua macho, akakunja uso, akanong'ona, "Hapa niliingia mapema."

"Wapi, bibi?"

"Hapa. Ngoma haijafika, mimi nimeshaingia. Haraka ya nini?"

Ukaniangalia, nikakuangalia. Ukamwambia, "Tunaweza kuisogeza kidogo kwa kompyuta, bibi."

Akafikiri. Akacheka, kile kicheko chake kisicho na sauti, mabega tu yanapanda na kushuka. "Iacheni. Ndiyo mimi huyo." Kisha akakushika kiganja, akakushukuru kwa kilugha, "Wabeja, mwanangu. Wabeja sana." Akafungua ule mchele, akasema una njaa, nipike.

Jumapili ile Igunga sihitaji kukuhadithia, koo lako nadhani bado linauma kwa vigelegele. Lakini ulikuwa nyuma kwenye mitambo, hukumwona Bi Kabula vizuri. Sauti yake ilipotoka kwenye spika, ikaongoza, na wenzake wakaitikia pale pale kwa vinywa vyao, yeye alikuwa amesimama mbele yao akiwaongoza kwa mkono. Kila walipofika pale alipoingia mapema, wote waliingia mapema pamoja naye, na ukumbi ukalipuka. Wamejifunza kosa lake, Nyamizi. Sasa ndio wimbo wenyewe.

Na yule mgeni wa shati la kitenge aliyekuja kuuliza nani ameiokoa hiyo kazi, mtu wa redio ile ndogo ya Kigoma, nilimjibu kabla hajamaliza swali. Nilikuelekeza kwa mkono mzima. Akasema wana kanda na diski za zamani, sauti za wavuvi na wazee wa vijiji vya ziwani, nyingi zimekwama kwenye vyombo vibovu, na wanatafuta fundi wa sauti asiyeogopa. Nilikutazama ukimsikiliza. Macho yako yalikuwa yameshaondoka, mwili tu ndio ulikuwa bado Igunga.

Kisha usiku ule ndani ya gari ukaanza: Mama utabaki na nani, Mama nani atakubebea spika, Mama ile kompyuta ya pili hujaizoea. Nilinyamaza, ukadhani nimehuzunika. Nilikuwa natafuta maneno, nayo leo nimeyapata.

Sihitaji ubaki, mwanangu. Nakupenda kupita kiasi, ila sikuhitaji. Kwa wiki hizi umenifundisha, nami nimejifunza kwa siri pia. Jana ulipokuwa sokoni nilinyoosha pini za waya wa kinasa sauti kibovu kilichokuwa kabatini, na kimesema. Nilikiuliza "hujambo" kikanirudishia "hujambo". Kijana wa kubeba spika hakosekani Isevya. Na nikikwama nitakupigia simu, nikuulize, na sitaona aibu kumuuliza mwanangu. Hiyo aibu niliimaliza kwenye kigoda.

Zamani huku kwetu kijana hakuhesabiwa mtu mzima mpaka abebe mzigo hadi pwani na kurudi. Ukoo wetu una watu waliokufa njiani na wengine waliorudi na majina mapya. Na wanawake nao walikwenda, na vyungu kichwani na watoto mgongoni, ingawa wakihadithia huwasahau. Wewe unashika upande wa pili wa njia hiyohiyo, kunakozama jua, na mzigo wako ni sindano na chuma cha kulehemu. Nimeulizia: treni inapita Urambo, inapita Kaliua, inavuka mto, na ukiona michikichi na hewa imekuwa nzito, umekaribia ziwa. Mimi sijafika. Utaniambia ziwa linalia sauti gani asubuhi. Urekodi.

Huko utakosea. Nisikudanganye. Utavuta kitu kwa ubavu siku moja, na utasikia *tak* yako, na miguu yako itajua kabla ya macho. Siku hiyo usikae na uongo usiku kucha kama mimi. Mwambie mwenye mali mapema, akupe hasira yake au akushikie tochi. Mara nyingi, nimeona, atakushikia tochi. Na siku atakapotokea msichana chini yako akakuambia mkono wako unatetemeka, utazame kwanza mkono kabla hujamjibu.

Hayo mengine utayajua mwenyewe, na mengine utanifundisha.

Nasikia lango. Ni baba yako huyo, anaita tangu barabarani kwamba treni ipo. Nami nakuonya jambo moja tu la kesho. Nimemwahidi atasimama karibu na dirisha lako, aseme maneno yote ya kiungwana, maana mimi sitaweza. Treni ikianza kuvuta utasikia mtu nyuma ya watu anapiga vigelegele kama bibi harusi ameingia, watu wanageuka, mtu mzima na kanga zake, hana haya hata kidogo.

Usiulize ni nani. Itikia.

Mama yako